Asilimia 5 ya mvuke si asilimia 5 ya mapato

Mhariri,

Kila kisima kipya cha mvuke kinapofunguliwa Naivasha au Menengai, magazeti hutuambia ni megawati ngapi zimeongezeka. Hiyo ni habari njema. Zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa nchini hutoka chini ya ardhi ya Bonde la Ufa, na kila megawati ya mvuke hupunguza haja ya kuchoma dizeli. Lakini kuna swali lisilopata nafasi kurasani: anayeishi juu ya mvuke huo anapata nini, na amekipata kwa karatasi gani?

Nianze na fedha, maana hapo ndipo wengi wamepotoshwa. Barazani utasikia ikisemwa kwamba sheria imewapa wenyeji asilimia 5 ya mvuke. Sivyo. Sheria ya Nishati ya 2019 inamtaka mwenye leseni alipe mrabaha wa kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani ya nishati ya mvuke aliyozalisha katika miaka 10 ya kwanza, kisha kati ya asilimia 2 na 5 baada ya hapo. Mrabaha huo ndio unaogawanywa: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali hapo. Kwa hiyo wenyeji wana sehemu ya sehemu.

Tupige hesabu. Chukua mvuke wenye thamani ya Sh1 bilioni. Katika miaka 10 ya kwanza mrabaha wake ni kati ya Sh10 milioni na Sh25 milioni. Kaunti inapata kati ya Sh2 milioni na Sh5 milioni. Jamii inapata kati ya Sh500,000 na Sh1.25 milioni. Hata ukifika mwaka wa 11 na kiwango kipandishwe hadi juu kabisa, jamii haivuki Sh2.5 milioni. Kwa maneno mengine, katika kila Sh1,000 za mvuke, mwenyeji anaanza na senti 50, na kilele chake ni Sh2.50. Jamii ya kaya 500 ikigawana kile kiwango cha chini kwa bilioni hiyo moja, kila boma linaondoka na Sh1,000.

Sasa linganisha. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, mara mbili ya mvuke. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanasema mradi wa hewa ya kaboni (wa kuuza kiasi cha hewa chafu kilichopunguzwa) unaotumia ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kuondoa gharama za uendeshaji, na miradi isiyotumia ardhi asilimia 25. Mimi sioni sababu yoyote ya haki inayomfanya mwenye madini apate mara mbili ya mwenye mvuke. Wabunge wetu wa Nakuru wapeleke marekebisho Bungeni, wakianza na asilimia 10. Wakati huohuo, hesabu ya kila mwaka ibandikwe katika ofisi ya kila wadi: thamani ya mvuke ilikuwa kiasi gani, nani aliipima, mrabaha ulitozwa kwa kiwango kipi. Bila tarakimu hizo tatu jamii haiwezi kujua kama imepunjwa.

Na hiyo asilimia 40 ya kaboni isiwalaze watu usingizi. Mtego wake uko katika maneno "gharama za uendeshaji". Mkataba usiposema ni gharama gani zinazokubalika na kikomo chake ni kiasi gani, mishahara ya ofisi ya ng'ambo, tiketi za ndege na malipo ya washauri vitaingizwa humo, na asilimia 40 itapigwa kwa kilichobaki baada ya karamu. Jamii idai orodha ya gharama, kikomo kwa asilimia, na mkaguzi wa hesabu ambaye pande zote mbili zimemkubali. Mambo hayo matatu yaandikwe kabla ya kidole gumba kutiwa wino.

Fedha ni upande mmoja. Upande wa pili ni tarehe. Karibu kila kinga ambayo sheria za Kenya zimempa mwananchi mbele ya mradi mkubwa ina siku yake, na siku hiyo huwa kabla ya tingatinga kufika. Ukiipitisha, unabaki na malalamiko tu.

Kwenye ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba na mwekezaji si halali mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya wanachama watu wazima, katika mkutano ulioitwa kwa ajili ya jambo hilo, na wenye akidi ya theluthi mbili. Ni kinga nzito. Lakini theluthi mbili ya nani? Hilo linajibiwa na daftari la wanachama, na daftari lipo tu pale jamii ilipojisajili, ikachagua kamati ya watu 7 hadi 15 na kuandika kanuni zake. Jamii isiyosajiliwa, ardhi yake inashikiliwa na kaunti kwa niaba yake, na fidia yoyote inashikiliwa vilevile hadi siku ya usajili. Kwa hiyo yeyote anayesikia fununu ya mradi aanze na daftari. Na wake, wajane na mabinti waandikwe humo mapema, kwa majina yao wenyewe. Daftari la wanaume peke yao linakiuka sheria, na ni mlango wazi kwa atakayetaka kuubatilisha uamuzi wa mkutano.

Kwenye shamba lenye hatimiliki ya mtu binafsi, njia ni nyingine. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ikitangaza nia ya kutwaa ardhi, ni lazima zipite angalau siku 30 kabla ya kuitisha kikao cha kusikiza madai, na tangazo la kikao lenyewe litoke angalau siku 15 kabla. Dai la fidia liandikwe na lifike mezani kabla ya kikao au siku ileile. Wengi hufika kikaoni mikono mitupu wakidhani ni mkutano wa kuelezwa. Hicho ndicho kikao cha kudai. Juu ya bei ya soko ya ardhi, kanuni za 2017 zinaongeza asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu. Angalia kama imo katika hesabu uliyopewa. Na kifungu ambacho watu hawakijui: anayehesabiwa kuwa na maslahi si yule tu ambaye jina lake liko kwenye hati. Mke au mume wake amo, na anayeishi juu ya ardhi hiyo pamoja na mwenzi wake wamo. Mama anayelima shamba lililo kwa jina la mume aliyeko mjini ana haki ya kuketi katika kikao hicho na kudai.

Katiba, Ibara ya 40, inataka fidia ya haki, kamili na ya haraka. Mwaka 2019 Bunge lilifafanua "haraka" kuwa muda usiozidi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Kwa mfugaji mwaka mmoja bila malisho ni ng'ombe wengi waliokufa. Ninashikilia kwamba fedha zitangulie kuhama, na mradi unaofadhiliwa na benki kubwa za maendeleo unaweza kubanwa kwa hilo, kwa sababu taratibu za benki hizo zinataka fidia ilipwe kabla mtu hajaondolewa.

Mahali panapoharibikia zaidi ni kwenye karatasi ya mahudhurio. Watu huitwa, hupewa soda na nauli, hutia sahihi, na miezi kadhaa baadaye karatasi ile imebandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba jamii iliafiki. Dawa yake ni rahisi: juu ya kila ukurasa, kabla ya jina la kwanza, liandikwe kwa kalamu "Hii ni orodha ya waliohudhuria, si ya waliokubali", na mmoja wenu aipige picha kwa simu. Kumbukumbu za mkutano zisomwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji kabla ya kufungwa. Anayekataa watu wasomewe maneno yao wenyewe amekwisha kuonyesha nia yake.

Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika, atangaze gazetini kwa wiki mbili mfululizo, na atangaze redioni kwa lugha rasmi na ya mahali. Leseni ikitolewa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kinyume cha hapo, rufaa kwa Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ina siku 60. Haya si maneno ya vitabuni. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama hiyo ilifuta leseni ya kiwanda cha makaa ya mawe cha Lamu, na sababu kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kipimo kilichotumika dhidi ya makaa ndicho kinachopaswa kutumika kwa mvuke, upepo na jua. Usafi wa umeme haumpi mtu ruhusa ya kuruka mkutano.

Sasa vipimo, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Visima vya mvuke hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi maikrogramu 150 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hukusanyika mabondeni usiku usio na upepo. Kipimo kilichowekwa mlimani mchana hakisemi lolote kuhusu boma lililo chini. Tena ikiwa nyingi sana huua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo "hatusikii harufu" si ushahidi wa usalama. Hushambulia shaba kwanza: nyaya za stima na viungo vya redio vikianza kuwa vyeusi kwa wingi katika kijiji kizima, andikeni tarehe.

Maji yanayopanda na mvuke huwa na chumvi nyingi, na yanaweza kubeba boroni, aseniki na floraidi. Yanapaswa kurudishwa chini ya ardhi kwa visima maalumu, yasiachwe kwenye vidimbwi vinavyovuja au vinavyofikiwa na mifugo. Na hapa Nakuru tuna shida ya pekee: maji yetu ya visima yana floraidi nyingi kwa asili yake, ndiyo maana meno ya watoto wengi ni ya kahawia. Kiwango kinachopendekezwa ni miligramu 1.5 kwa lita. Kijiji kikipima maji baada ya uchimbaji na kukuta miligramu 6, kampuni itasema ilikuwapo tangu zamani, na pengine itakuwa inasema kweli. Kipimo cha kabla ya uchimbaji ndicho pekee kinachoweza kuamua. Maji yachukuliwe mara mbili, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, kutoka kisima kilekile, katika chupa safi ya plastiki na si ya glasi, kwa sababu floraidi hula glasi na boroni ya glasi huingia majini, na majibu yote mawili yakaharibika. Chupa iandikwe mahali, tarehe na saa, ifungwe mbele ya mwakilishi wa jamii, na nakala ya majibu ibaki kijijini. Gharama iwe ya mwenye mradi, maabara ichaguliwe kwa makubaliano.

Kelele nazo zina sheria. Kisima kinapoachwa kipumue ili kupimwa nguvu, mngurumo unaweza kuendelea mchana na usiku kwa wiki nyingi. Kanuni za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya makazi. Jamii idai ratiba ya majaribio kwa maandishi, na kifaa cha kuzuia sauti kiwepo kabla ya valvu kufunguliwa.

Yaliyotokea Olkaria IV, karibu na Naivasha, yanafaa kusomwa na kila kamati. Kiwanda hicho cha megawati 140 kilizinduliwa 2014, na mwaka huo vijiji vinne vya Wamaasai vilihamishiwa kwenye ekari zipatazo 1,700 panapoitwa RAPland. Kulikuwa na mpango ulioandikwa, nyumba za kudumu, shule na zahanati. Si haki kusema watu walitupwa. Hata hivyo, wenyeji walipeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa miongoni mwa wafadhili. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilikuta kwamba sera ya benki hiyo kuhusu watu wa asili haikufuatwa ipasavyo. Baraza la wazee halikupewa nafasi yake, na Kimaa hakikutumika inavyostahili. Ardhi mpya ina makorongo, barabara ilikuwa ya kuteleza, na hatimiliki ilichelewa. Upatanishi ulifika mwafaka 2016, miaka miwili baada ya watu kuhama. Nyumba ilihesabika kwa sababu ina kuta. Njia ya ng'ombe, kisima cha kiangazi na ukaribu na watalii wanaonunua shanga havikuonekana kwenye daftari la mthamini, na ndivyo vilivyokuwa vikilisha boma.

Ndugu zetu wa Kisumu wasidhani haya yanaishia Naivasha. Mvuke wa Olkaria unafika kwao kwa laini ya kilovolti 220 inayopitia Lessos. Laini ya aina hiyo inahitaji ukanda wa mita 40, ya kilovolti 132 mita 30, na ya kilovolti 400 mita 60. Kinachochukuliwa chini ya nyaya si umiliki bali matumizi: hati inabaki yako, ila huwezi kujenga wala kupanda mikaratusi. Mahindi, maharagwe na viazi vitamu huendelea. Miwa ina hatari yake, na katika ukanda wa Kibos, Miwani na Muhoroni lazima isemwe waziwazi: kuchoma miwa chini ya nyaya huweza kuangusha umeme na kuua, kwani moshi na moto huupa umeme njia ya kushuka. Mkulima anayezoea kuchoma kabla ya kuvuna atalazimika kukata mbichi, na gharama hiyo ya ziada iwemo kwenye dai lake. Kabla mthamini hajaja, hesabu miti yako kwa aina na umri, pima mimea, piga picha zenye tarehe, na umwombe afisa wa kilimo atie sahihi.

Kizuizi kikubwa cha malipo huko magharibi si kampuni. Ni hati iliyo bado kwa jina la babu aliyefariki. Fidia hukwama mpaka familia ipate barua za usimamizi wa mirathi, na uthibitisho wake kwa kawaida husubiri miezi sita. Anayeanza siku laini inapotangazwa atalipwa pamoja na majirani. Anayeanza siku hundi zinapotoka atawatazama wakilipwa.

Kuhusu Msitu wa Mau, niseme jambo moja. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki za Waogiek, wenyeji wa msitu huo, zilikiukwa, na tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe Sh57.85 milioni kwa hasara ya mali na Sh100 milioni kwa madhara mengine, wapewe hatimiliki ya pamoja, na washauriwe kuhusu lolote la ardhi yao. Hata hivyo, Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa Sasimwani, katika msitu huohuo. Hakuna mradi wa kupanda miti wala wa kuuza kaboni unaoweza kuitwa halali katika Mau huku hukumu hiyo haijatekelezwa.

Mwisho nina ombi kwako, Mhariri. Matangazo ya NEMA na ya Tume ya Ardhi hutoka katika Gazeti Rasmi na katika magazeti ya Kiingereza, kwa herufi ndogo, na siku 30 au 60 huanza kuhesabika hapohapo. Tenga robo ya ukurasa kila Ijumaa kwa Kiswahili: jina la mradi, kata na kijiji, siku ya mwisho ya kutoa maoni, ofisi ya kupeleka barua. Anayenyimwa ripoti aelezwe papo hapo kwamba Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na kwamba akinyamaziwa apeleke lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Chifu akiisoma sehemu hiyo barazani Jumamosi, watu wa Olkaria, Menengai, Muhoroni na Mau Narok watakuwa na muda wa kuitisha mkutano wao wenyewe kabla ya kuitiwa wa mwenye mradi.

Msomaji wako,
Nakuru